SOMO LA ROBO HII: Milimita Nne – Kupima Uso Kabla ya Kutengeneza Miwani



Kama ilivyo desturi ya jarida letu, katika kila toleo tunaleta somo moja ambalo kamati zinaweza kulisoma pamoja na kulijadili. Robo hii tumechagua jambo linaloonekana dogo: namna ya kupima uso wa mgonjwa ili miwani anayotengenezewa imkae sawasawa. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, maombi ya kambi za macho kutoka sharikani yamekuwa mengi, na kamati nyingi zinauliza wajibu wao ni upi. Pili, sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu lilimgharimu kijana mmoja mwaka mzima wa masomo. Tumeona ni vema tuliseme wazi ili sote tujifunze.

KILICHOTUPATA

Katika mojawapo ya kambi zetu alikuja kijana wa kidato cha pili aliyekuwa haoni ubaoni. Mpima macho alimpima kwa uangalifu, akamwandikia lenzi za −5.00 kwa kila jicho. Maana yake ni kwamba bila miwani kijana huyu aliona vizuri vitu vilivyo ndani ya sentimita 20 tu kutoka machoni pake. Zaidi ya hapo yote yalikuwa ukungu. Alichagua fremu, tukajaza fomu, tukaituma mjini kwa fundi miwani. Wiki chache baadaye miwani ililetwa, akakabidhiwa mbele ya usharika, tukapiga picha. Katika ripoti yetu alihesabiwa kuwa mmoja wa walengwa waliofikiwa.

Baada ya miezi kadhaa tulipita tena usharikani hapo kwa shughuli nyingine. Mama yake alitusubiri nje ya kanisa. Alituambia kwa upole, “Samahani viongozi, ile miwani mwanangu ameiweka sandukuni. Akiivaa kichwa kinamuuma, na ikifika jioni anaona mistari ya daftari miwili miwili.” Shuleni walimu walimwona mkaidi: amepewa miwani bure, hataki kuivaa. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili aliufanya bila miwani, akashindwa, akarudia darasa.

Tuliichukua miwani ile tukaipeleka kwa mpima macho. Nguvu ya lenzi ilikuwa sahihi kabisa. Kisha akachukua rula ndogo, akampima kijana umbali kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya mboni nyingine. Akapata milimita 60. Akapima umbali kati ya vitovu vya zile lenzi mbili. Akapata milimita 68. Kila jicho lilikuwa linatazama milimita nne pembeni ya mahali palipokusudiwa.

Fundi hakuwa na kosa. Kwenye fomu yetu kulikuwa na nafasi ya kuandika umbali kati ya mboni, ambao mafundi huuita PD. Nafasi hiyo tuliiacha tupu. Fundi, ambaye hakuwahi kumwona kijana huyu, alifanya alichoweza: aliweka kitovu cha kila lenzi katikati ya fremu. Kipimo ambacho kingechukua dakika mbili hatukukichukua.

NGUVU YA LENZI NA NAFASI YA LENZI

Watu wengi tunadhani kupimwa macho ni kusoma herufi ukutani hadi ipatikane namba. Hiyo ni nusu ya kazi. Namba ile ni nguvu ya lenzi, nayo huhesabiwa kwa dayopta. Alama ya kutoa ni kwa asiyeona mbali, na alama ya kujumlisha ni kwa mwenye shida ya kuona karibu, wakiwemo wengi wetu tuliovuka miaka 40.

Nusu ya pili ni nafasi. Kila lenzi ina kitovu chake, mahali ambapo mwanga hupita bila kupindishwa. Kitovu hicho kinatakiwa kiwe mbele ya mboni. Mtu akitazama kupitia pembeni ya kitovu, lenzi humvutia picha upande mmoja, na jicho hulazimika kugeuka kuifuata. Mafundi huita mvuto huo prizimu, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha nguvu ya lenzi kwa umbali uliokosewa, ukiutaja kwa sentimita.

Tumchukue kijana wetu. Milimita nne ni sentimita 0.4. Zidisha kwa 5, unapata prizimu 2 kwa jicho moja. Kwa macho yote mawili ni 4. Kwa kuwa lenzi zake zilikuwa za kutoa na vitovu vilikaa upande wa nje, macho yake yalitakiwa kugeuka kuelekea nje, kila moja upande wake. Macho ya binadamu yamezoea kugeuka kuelekea ndani tunaposoma au tunapochoma uzi kwenye sindano. Kuelekea nje yana uwezo mdogo sana. Ndiyo maana kijana alivumilia asubuhi, mchana akaumwa kichwa, na jioni misuli ilipochoka akaona vitu viwili viwili.

Hesabu hiyo hiyo inatupa faraja pia. Mama aliyeandikiwa miwani ya kusomea ya +1.50, akakosewa milimita nne zile zile, anapata prizimu 0.6 tu kwa kila jicho, na huenda asione tatizo lolote. Kwa hiyo mtu ambaye macho yake yote mawili yanahitaji nguvu moja ndogo ya kusomea anaweza kuhudumiwa vizuri kwa miwani iliyotengenezwa tayari. Nguvu inapoongezeka, ndipo milimita zinapokuwa na uzito. Anayehitaji msaada zaidi ndiye anayeumia zaidi kwa uzembe wetu.

HATUA ZA KUPIMA PD

Kazi ya kupima na kuandikia miwani ni ya mpima macho aliyesoma na kusajiliwa. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa mahali wanapofundishwa wataalamu hawa hapa nchini. Hatuwaombi wanakamati wachukue nafasi yao. Hata hivyo, kipimo cha PD kinaweza kufanywa na msaidizi aliyefundishwa na kusimamiwa na mtaalamu, na ni vema kila kamati ielewe kinavyofanyika ili iweze kuuliza pale kisipofanyika.

Kinachohitajika ni rula fupi yenye milimita zinazosomeka vizuri, viti viwili, na mwanga wa kutosha.

1. Msalimu mgonjwa na umweleze unachotaka kufanya. Kama ni mzee, mpe shikamoo yake kwanza, kisha uombe ruhusa: “Naomba nikuguse usoni, mama, nishike rula vizuri.” Mtu aliyeshtuka hukaza uso na kurudisha kichwa nyuma, na kipimo huharibika.

2. Keti mbele yake uso kwa uso, umbali wa sentimita 40 hivi. Macho yako yawe kimo kimoja na yake. Kama ni mtoto, mpandishe kwenye kiti cha juu au wewe upige magoti. Ukimpima mtu huku umesimama na yeye ameketi, rula itakudanganya.

3. Laza rula juu ya mgongo wa pua yake. Vidole vyako viegemee kwenye shavu au paji la uso wake ili rula isitikisike.

4. Fumba jicho lako la kulia. Mwambie atazame jicho lako la kushoto lililo wazi. Weka sifuri ya rula kwenye jicho lake la kulia.

5. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba jicho la kushoto na ufumbue la kulia. Mwambie sasa atazame jicho lako la kulia. Soma namba iliyo kwenye jicho lake la kushoto. Hiyo ndiyo PD ya kutazama mbali.

6. Rudi kwenye jicho lako la kwanza na uhakikishe kwamba sifuri haijahama. Pima mara tatu. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, anza upya.

Hapa tunaongeza neno moja. Vitabu vingi huelekeza kuweka sifuri katikati ya mboni. Lakini wengi wetu tuna macho ya rangi nzito, na mboni nyeusi iliyo ndani ya duara la kahawia iliyokolea haionekani kwa urahisi, hasa ndani ya ukumbi wenye dirisha moja. Njia iliyo rahisi ni kutumia ukingo ambapo sehemu nyeusi ya jicho inakutana na nyeupe. Weka sifuri kwenye ukingo wa nje wa jicho la kulia, ule ulio upande wa sikio, kisha usome kwenye ukingo wa ndani wa jicho la kushoto, ule ulio upande wa pua. Jibu litakuwa lile lile, kwa sababu umepima kutoka ukingo hadi ukingo wa upande ule ule.

Kwa nini kufumba jicho moja baada ya jingine? Kwa sababu ukimtazama mtu kwa macho yote mawili kutoka karibu, macho yake huvutwa ndani kukutazama, na wewe unaisoma rula kwa mshazari. Utaratibu huu unayaweka macho yake kana kwamba anatazama mbali.

Watu wazima wengi wana PD kati ya milimita 54 na 74, na wastani ni kama 63. Watoto wako chini ya hapo, na uso wao unakua. Kwa sababu hiyo, kipimo cha mwaka jana kisitumike kumtengenezea mtoto miwani ya mwaka huu.

MAMBO MATATU YANAYOSAHAULIWA

La kwanza ni tofauti ya mbali na karibu. Tunaposoma, macho huelekea ndani, na umbali kati ya mboni hupungua kwa milimita 3 au 4. Miwani ya kusomea tu inahitaji PD ya karibu. Ili kuipata, mpimaji aweke jicho lake moja lililo wazi mbele ya pua ya mgonjwa, kwenye umbali anaosomea, na apime bila kubadilisha jicho. Kwenye fomu ziandikwe zote mbili, na ielezwe ipi ni ipi.

La pili ni kila jicho peke yake. Nyuso zetu hazilingani pande mbili kama tunavyodhani. Pua ya mtu inaweza kuegemea upande kidogo. Chukua mtu mwenye PD ya 62. Fundi akigawanya nusu kwa nusu atapata 31 na 31. Lakini ukipima kutoka katikati ya pua unaweza kupata 33 upande wa kulia na 29 upande wa kushoto. Jumla ni ile ile, ila kila lenzi imekosea milimita mbili. Kwa lenzi zenye nguvu kubwa, ziandikwe namba mbili. Mwenye kengeza apimwe jicho moja huku jingine likiwa limezibwa, vinginevyo kipimo hakitakuwa na maana.

La tatu ni umbali wa lenzi kutoka kwenye jicho. Kwa kawaida ni kama milimita 12 hadi 14. Kwa nguvu ndogo si jambo la kuhangaikia. Ikifika dayopta 4 na zaidi, miwani inayoteleza hadi ncha ya pua hubadilika nguvu: ya kutoa hupungua, na ya kujumlisha huongezeka. Mtu anaweza kulalamika kwamba miwani imeisha nguvu, kumbe imeshuka tu.

FREMU NI SEHEMU YA KIPIMO

Katika kambi nyingi fremu humwagwa mezani na watu huchagua kwa rangi. Hatukatai mtu kupendeza. Miwani asiyoipenda hataivaa. Lakini fremu ina namba zake, na namba hizo zinasema mengi. Ndani ya mkono wa miwani mtaona maandishi kama 50, 18 na 140. La kwanza ni upana wa lenzi moja, la pili ni nafasi ya puani, la tatu ni urefu wa mkono hadi nyuma ya sikio, yote kwa milimita.

Jumlisha mbili za kwanza: 50 na 18 ni 68. Linganisha na PD ya mvaaji. Hiyo ndiyo fremu aliyopewa kijana wetu mwenye 60. Tofauti ni 8, nusu yake ni 4, na hizo ndizo milimita nne tulizoanza nazo. Kama tungeandika PD, fundi angeweza kuhamisha vitovu vya lenzi kuelekea ndani. Na kama tungempa fremu nyembamba inayolingana na uso wake, kazi ingekuwa rahisi zaidi, na lenzi zisingekuwa nene pembeni.

Pua nayo ipewe heshima yake. Fremu nyingi zinazoletwa zimetengenezwa kwa pua zenye mgongo mrefu na mwembamba. Wengi wetu pua zetu ni pana na mgongo ni mfupi, hivyo fremu za namna hiyo huteleza au hulala kwenye mashavu. Fremu zenye vishikio vidogo vya puani vinavyoweza kukunjwa huwafaa watu wengi. Mama anayevaa mtandio au kilemba, na mzee anayevaa kofia, wapimwe wakiwa wamevaa kama wanavyovaa kila siku, kwa maana mkono wa miwani utapita hapo hapo. Mwisho, fremu inyooshwe vizuri usoni. Mwenye lenzi za kurekebisha jicho lisiloona sawa pande zote ataumia fremu ikikaa upande, kwa kuwa lenzi hizo zina mhimili wake na mhimili huo nao utakuwa umepinda.

MIWANI YA SEHEMU MBILI

Wazee wengi huomba miwani yenye sehemu ya juu ya kutazama mbali na sehemu ya chini ya kusomea. Hapa kipimo cha nyongeza ni urefu wa sehemu ya kusomea. Kwanza fremu ivaliwe na kurekebishwa hadi itulie. Kisha mgonjwa asimame kama kawaida yake, atazame mbele, asiinue kidevu. Pima kutoka sehemu ya chini kabisa ya lenzi kupanda hadi usawa wa ukingo wa kope ya chini. Kwa watu wengi mpaka wa sehemu ya kusomea huwekwa hapo.

Lakini kabla ya kupima, muulize mtu kazi yake. Mchungaji anayesoma mimbarani na kuinua macho kutazama washarika atafurahia miwani hii. Fundi mwashi anayepanda ngazi anahitaji mpaka ushuke kidogo, asije akaikosa ngazi. Na mama anayeshuka mlimani akiwa na ndoo ya maji au mkungu wa ndizi kichwani je? Yeye hawezi kuinamisha kichwa. Atateremsha macho tu, na macho yatapita kwenye sehemu ya kusomea, na njia ya mawe iliyo mbele ya miguu yake itakuwa ukungu. Huyu ni heri apewe miwani ya kusomea peke yake, akaiache nyumbani anapotoka. Hakuna rula inayoweza kutuambia hivyo. Ni lazima tuulize, na wanakamati mnaomfahamu mnaweza kusaidia kuliko mgeni yeyote.

WASIOTAKIWA KUPEWA MIWANI KWANZA

Si kila asiyeona vizuri anahitaji miwani. Kamati iwaelekeze hospitali bila kuchelewa wenye jicho jekundu lenye maumivu, waliopoteza uwezo wa kuona ghafla, walioumizwa jicho, na wenye weupe kwenye mboni. Mtoto mwenye weupe kwenye mboni ni wa haraka zaidi, asisubiri kambi. Mzee mwenye mtoto wa jicho anahitaji upasuaji, na kumpa miwani ni kumchelewesha.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Marafiki wapendwa, kwa miaka mingi mmekusanya miwani iliyotumika makanisani kwenu na kututumia kwa maboksi. Tunajua upendo ulio ndani ya maboksi hayo. Kwa moyo huo huo tunaomba sasa tuelewane.

Miwani iliyotumika ni kipimo cha uso wa mtu mwingine. Nguvu yake iliandikwa kwa macho yake, vitovu viliwekwa mbele ya mboni zake, na fremu ilinyooshwa kwa masikio yake. Kumpata mwanakijiji wetu mwenye nguvu ile ile kwa jicho la kulia na la kushoto, pamoja na PD ile ile, ni bahati kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza miwani 275 iliyokusanywa kwa namna hii, na ukaona kwamba asilimia 7 tu ndiyo ilifaa kutumika. Iliyobaki inahitaji kuchambuliwa, kuhifadhiwa na hatimaye kutupwa, na gharama hizo zinabaki kwetu.

Uhitaji wenyewe ni wa kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani walikuwa na shida ya kuona karibu kutokana na umri bila kupata huduma. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi huko Assam, India. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawajapewa. Tunapofikiria akina mama wanaochambua kahawa na mchele, na mafundi cherehani wa sharika zetu, tunaona faida iliyo mbele yetu.

Kwa hiyo tunaomba mchango wenu uelekezwe kwenye mambo manne: miwani mipya ya kusomea iliyo tayari, lenzi na fremu mpya kwa wanaohitaji kutengenezewa, mafunzo ya wasaidizi pamoja na posho ya mpima macho, na nauli ya kurudi usharikani baada ya miezi mitatu. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kuliombea fedha, na ndilo lililokosekana kwa kijana wetu.

Tumebadilisha pia namna ya kutoa ripoti. Zamani tulihesabu miwani iliyotolewa. Kuanzia sasa tutahesabu miwani ambayo, tunaporudi, tunaikuta inavaliwa. Idadi itakuwa ndogo kuliko mlizozoea kuziona. Tunawaomba msishtuke, na msidhani kwamba kazi imerudi nyuma. Ndiyo kwanza tumeanza kuhesabu kitu chenyewe.

WAJIBU WA KAMATI YA USHARIKA

Kabla ya kambi: hakikisheni kwamba mpima macho amesajiliwa, tafuteni chumba chenye mwanga na nafasi ya mita 6 kwa ajili ya chati, na waandikisheni watu pamoja na kazi wanazofanya.

Siku ya kambi: mwanakamati mmoja asimame kwenye meza ya mwisho na kukagua kila fomu. Awe na maswali manne tu: Nguvu ya kila jicho imeandikwa? PD ya mbali na ya karibu imeandikwa? Namba za fremu zimeandikwa? Kama ni miwani ya sehemu mbili, urefu umeandikwa? Fomu yenye nafasi tupu irudishwe ndani kabla mgonjwa hajaondoka.

Siku ya kukabidhi: msigawe miwani kwa kuita majina tu. Kila mtu avae papo hapo, atembee, asome, na fremu irekebishwe nyuma ya masikio. Akisema sakafu imeinama au anaona vitu viwili, miwani ipimwe vitovu vyake hapo hapo.

Baada ya miezi mitatu: mwinjilisti au mzee wa kanisa awatembelee nyumbani. Aulize kwa upole, “Miwani unaivaa? Kama huivai, shida iko wapi?” Asikemee. Mtu aliyepewa kitu bure huona haya kusema kwamba kinamuumiza, na haya hiyo ndiyo iliyotuficha ukweli kwa miezi mingi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika usharika wetu, ni nani waliowahi kupewa miwani ambayo hawaivai? Tumewahi kuwauliza sababu?

2. Tukikabidhi msaada hadharani na kupiga picha, tunamsaidia mpokeaji kusema ukweli au tunamfunga mdomo?

3. Ni kazi gani za mikono katika mitaa yetu zinahitaji kuona karibu, na wanaozifanya wanatazama kutoka umbali gani?

4. Ni fomu gani nyingine katika miradi yetu, ya maji, ya mifugo au ya karo, zina nafasi tunazoziacha tupu kwa kudhani si muhimu?

Kijana tuliyemtaja alitengenezewa miwani mingine, nguvu ile ile ya −5.00, kwa fremu nyembamba na vitovu vikiwa kwenye milimita 60. Fundi aliyekuwa akimrekebishia masikioni alimwomba asome bango lililokuwa upande wa pili wa barabara. Alilisoma lote, kisha akavua, akavaa tena, akasubiri kidogo. “Haivuti,” alisema. Alikuwa ameizoea ile ya kwanza hata akadhani miwani yote huvuta.

Tumemwomba radhi yeye na mama yake. Tunawaomba radhi ninyi pia, kwa kuwa ripoti tuliyowapelekea ilimhesabu kabla hatujamhudumia. Kwenye kambi ijayo rula itakuwa mezani. Tunaomba kila kamati itusaidie kuhakikisha kwamba imetumika.

Bwana awabariki katika huduma zenu.